Njumu Mlangoni

Kabla ya kuvuka mlango wowote, Shangazi alishika mwimo kwa mkono mmoja, akakunja mguu nyuma kama kuku anayepumzika, akapitisha kiganja chini ya unyayo. Kisha mguu wa pili. Hapo ndipo alipoingia. Alifanya hivyo nyumbani kwake, alifanya hivyo benki, alifanya hivyo msibani akiwa peku. Alifanya hata siku ya harusi ya Tone, wageni wakiwa wameshasimama kumpokea na mpiga picha akimsihi, "Sogea, mama, sogea kidogo," naye yuko palepale mlangoni na gauni lake la zambarau, amejikunja, anajipapasa soli.

"Shangazi, umekanyaga nini?" mtu mmoja aliuliza.

"Nimekanyaga ujana wangu," alijibu. Watu wakacheka, harusi ikaendelea.

Tone alikuwa mtoto wa kaka yake. Aliletwa kwa Shangazi akiwa mdogo, wazazi wake walipoachana, na kwa muda mrefu alilia bila kukauka. "Mtoto gani huyu," Shangazi alisema, "unamweka hapa, ukigeuka unakuta ameloa kote, kama barafu iliyosahaulika juani." Akamwita Tone, na jina likaganda.

Barafu ndiyo iliyowalisha. Kiwandani, maji yalimiminwa kwenye makopo marefu ya chuma, makopo yakazamishwa katika tangi la maji ya chumvi yenye baridi ya kukata, na yalipotolewa kila kopo lilizaa pande la barafu lenye urefu wa mtoto wa shule. Kazi ya Shangazi ilikuwa kulivuta pande hilo kwa kulabu hadi chumba cha kuhifadhia, juu ya sakafu ambayo yenyewe ilikuwa barafu tupu. Humo huwezi kutembea kwa buti peke yake. Juu ya buti walivaa njumu. Si zile za wachezaji wa mpira. Hizi zilikuwa vipande vya mpira mgumu vyenye meno mafupi ya chuma, unavifunga kwa mikanda na kuvifungua ukitaka. Kwenye barafu meno yale yaliuma yakashika. Lakini nje ya mlango wa chumba kulikuwa na korido ya saruji iliyosuguliwa hadi ikang'aa, na hapo meno yaleyale yaligeuka sabuni. Kwa hiyo ilikuwepo sheria moja tu: mlangoni, vua. Aliyesahau alimaliza korido kwa mgongo, na wenzake walimuuliza ameona nyota ngapi.

Basi watu walielewa hivyo, kwamba Shangazi kazoea kukagua kama amevua. Tone naye alielewa hivyo miaka yote. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu ahitaji mkono ili ajue kama miguuni amevaa chuma.

Kisha kiwanda kilileta mashine mpya, inayotema vipande vidogo vya barafu moja kwa moja kwenye mifuko. Wavutaji wakashukuriwa, wakaagwa. Shangazi aliomba jambo moja, aende na njumu zake. Msimamizi alicheka. "Utazivaa wapi, mama? Sokoni?" Lakini alimpa.

Kabla mwaka haujaisha, Shangazi alianguka uani kwake. Palikuwa pakavu, mchana kweupe, na hakuwa na hata ndoo mkononi. Akavunjika kifundo cha mkono. Daktari alimwita Tone pembeni, akamwambia kwamba safari hii ni mkono, safari ijayo huenda ikawa nyonga, na nyonga kwa umri ule ni habari nyingine. Asikae peke yake. Tone wala hakufikiri mara mbili. Alikuwa na chumba, alikuwa na mume asiye na neno, na alikuwa na deni la malezi ambalo hakuna aliyewahi kumdai. Akaenda kumchukua.

Shangazi alikuja bila ubishi, na begi lake, na mkono wake ndani ya bendeji. Alipofika mlangoni alishika mwimo kwa mkono mzima, akakunja mguu, kisha akakumbuka kwamba hana mkono wa pili wa kujipapasia. Akabaki hivyo, kasimama kwa mguu mmoja. Mbele yake sebule ilimetameta. Mume wa Tone, mpimaji wa ardhi, mtu wa utani mwingi, alikuwa amevichagua vigae vile mwenyewe, vyeupe, vikubwa, vya kujiona uso.

"Karibu, Shangazi! Pita, hapa ni kwako."

Shangazi aliushusha mguu taratibu. "Nimeshakaribia, mkwe. Nitakaa hapa barazani kwanza. Kuna upepo."

Alikaa na upepo wake mpaka jioni. Walimletea chai, akanywa. Walimletea chakula, akala na kusifia. Jua lilipoanza kuzama alisema, "Sasa nirudisheni."

"Nikurudishe wapi, Shangazi? Si umehamia?"

"Rangi ya ukuta inanukia. Nitakuja ikikauka."

Rangi ile ilikuwa na umri wa ndoa yao. Walimrudisha, kwa sababu mtu mzima humbebi kama gunia. Wiki iliyofuata walimleta tena, na safari hii kitanda kilikuwa kirefu mno, ingawa alikuwa hajakiona. Mara ya tatu ni kwamba mlango wao unatazama barabarani. Tone alitandika mikeka kutoka mlangoni hadi chumbani. Shangazi aliitazama, akatikisa kichwa. "Hicho sasa ni kitambaa juu ya barafu, mwanangu."

"Barafu iko wapi, Shangazi?"

"Nimesema barafu? Nimesema vigae."

Usingizi ukampungua Tone. Alichambua kila neno alilowahi kumwambia Shangazi. Alimuuliza mumewe kama kuna utani uliovuka mpaka, naye akaapa kwamba hakuna, kisha akakumbuka mmoja, kisha akasema ule hauhesabiki. Labda Shangazi hampendi tena. Labda anampenda na hataki kuwa mzigo. Au akili yake ndiyo inayeyuka, na hayo ya barafu ni dalili. Hakujua ashike lipi aache lipi. Na wakati yeye akiwaza, Mama Pacha, jirani wa Shangazi, alipiga simu kusema amemkuta tena ameketi chini uani, ana kwa ana na ndoo, anadai amekaa kupunga hewa.

Tone akaenda kiwandani. Langoni alimkuta mzee aliyevuta barafu pamoja na Shangazi, ambaye wote walimwita Kulabu, sasa akiwa mlinzi. Alimweleza yote, mlango, rangi, kitanda, mikeka. Kulabu alisikiliza akichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti.

"Miguu ya shangazi yako imekufa ganzi," alisema. "Zamani sana. Hukujua?"

"Nani kasema?"

"Aseme nani, yeye? Siku moja jino la njumu lilipinda likatoboa buti, likaingia unyayoni. Alifanya kazi nalo mpaka kengele. Alipovua buti, damu. Akanitazama akasema, 'Kulabu, ukifungua mdomo nakuzamisha tangini.' Wangemwachisha kazi siku ileile, unaelewa? Sasa ndiyo maana anajishika miguu mlangoni. Mwenzio hajui kama kavaa au kavua."

"Lakini kwenye barafu alitembeaje?"

"Kwa goti! Jino likiuma barafu, mshtuko unapanda mpaka hapa." Aligonga goti lake. "Goti lilikuwa zima. Kwenye barafu alijua aliposimama. Huku nje ndiko alikokuwa anabahatisha."

Mwanamke aliyekuwa akipita na mifuko, ambaye enzi zile aliendesha winchi ya kunyanyulia makopo, alisimama. "Wewe Kulabu, unamjaza mtoto wa watu uongo gani? Yule alikuwa anaokota kofia yangu iliyoanguka kwa vidole vya mguu! Vya mguu! Mtu wa ganzi anaokota kofia?"

"Hiyo ilikuwa kabla."

"Kabla ya nini? Mimi nilikuwepo kabla, nikawepo na baada. Wewe nusu ya muda ulikuwa unasinzia nyuma ya tangi."

"Nilikuwa nasikiliza mota."

"Kwa kukoroma?"

Tone aliwaacha wakibishana. Alikuja na swali moja, akaondoka nayo mawili. Hata hivyo, njiani maneno ya Kulabu hayakumtoka. Yeye alifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya macho, na alikuwa amewaona watu wazima, madereva hasa, wakiwasikiliza waliotangulia kwenye foleni ili wakariri herufi za ukutani, wazitaje bila kuziona. Mtu anaweza kuficha macho. Kwa nini asiweze kuficha miguu?

Alimkuta Shangazi nyumbani kwake, amesinzia kwenye kiti, miguu kaipumzisha juu ya kigoda. Tone alipiga magoti. Juu ya meza palikuwa na glasi ya maji baridi. Akaishika, akaigusisha kwenye unyayo wa kushoto, polepole. Hakuna kitu. Akaikandamiza. Mguu ulikaa tu, kama mguu wa meza. Ni kweli, basi.

"Tone," Shangazi alisema, macho bado amefumba, "unatafuta nini huko chini?"

Glasi nusura imponyoke. "Kiatu."

"Changu au chako?"

"Shangazi, umesikia nilichokugusisha?"

"Nimesikia magoti yako yakilia. Upake mafuta." Akafumbua jicho moja. "Kwa nini? Umenigusisha nini?"

Tone alimtazama. Uso ule aliujua kuliko wake mwenyewe, na hakuona kitu ndani yake, wala hofu wala mchezo. Alitaka kuuliza waziwazi. Lakini mtu aliyelificha jambo kwa miaka yote ile, akalea nalo mtoto, akavuta nalo barafu, unamvua vipi mchana hivi, kwenye kiti chake mwenyewe? Akasema, "Maji tu, yamenimwagikia," na akainuka kutafuta kitambaa cha kufutia maji ambayo hayakumwagika.

Usiku hakulala, na asubuhi alimwambia mumewe, "Nataka mbao."

"Mbao za nini?"

"Za sakafuni. Kutoka mlangoni hadi chumba cha Shangazi. Mbao nene, zisizopigwa randa."

"Juu ya vigae vyangu?"

"Juu ya vigae vyako."

"Zitasaidia nini?"

"Sijui," Tone alisema, na ilikuwa kweli. "Kama Kulabu ni mkweli, zitasaidia. Kama ni mwongo, tutakuwa na daraja ndani ya nyumba."

Mume alivitazama vigae vyake kama mtu anayeaga. Kisha akaenda kumwita seremala. Kutwa nzima palikuwa ni nyundo, na majirani walichungulia mmoja mmoja kuuliza kama mto umehamia sebuleni. Njia ilipokamilika, pana kiasi cha mtu mmoja na wa kumshika mkono, Tone alikwenda kwa Shangazi. Hakueleza kitu. Alisema tu, "Safari hii njoo na njumu zako."

"Za nini?"

"Njoo nazo tu."

Mlangoni, Tone alichuchumaa akamfunga mwenyewe, mikanda miwili kila mguu, juu ya buti za zamani. Shangazi alizitazama mbao. Akatazama kisogo cha mtoto aliyemlea. Kisha akashika mwimo, akainua mguu, akaukanyagisha ubao.

Kwa! Jino liliuma mbao.

Akasimama hapo kidogo, kichwa ameinamisha, kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili. Akaleta mguu wa pili. Kwa! Kisha akatembea, bila kushikwa, kwa, kwa, kwa, mabega yamenyooka, hatua fupi za uhakika, mpaka chumbani, na huko wakamsikia akikalia kitanda.

"Mbona si kirefu!" alipaza sauti.

Mume wa Tone alicheka hadi akafuta macho. Tone hakucheka. Alikuwa bado anajiuliza ni kitu gani kilichomwingiza: ni mbao, ni njumu, au ni kule kupigiwa magoti bila kuulizwa swali. Alijiuliza siku hiyo, na aliendelea kujiuliza kila asubuhi nyumba ilipoamshwa na kwa, kwa, kwa za kwenda barazani. Mbao zikajaa matundu madogo. Wageni waliona ajabu, kisha wakazoea. Shangazi hakuanguka tena. Wala hakusema kitu juu ya miguu yake, ila jioni moja alilalamika kwamba siafu anatembea kwenye kidole chake, na kweli siafu alikuwepo. Tone alikodoa macho. Alimsikia, au alimwona? Hakuuliza.

Baadaye ganzi, kama ni ganzi, ilionekana kupanda mikononi. Vikombe vilianza kumponyoka. Kisha zikaja siku ambazo hakuamka kitandani, na njumu zikakaa juu ya dirisha, zimefungwa mikanda pamoja. Nyumba ikawa kimya hata mume wa Tone akaacha utani.

Asubuhi ile Tone alichungulia kumuaga, mkoba begani, amechelewa kazini. Alimkuta Shangazi akihangaika chini ya blanketi. Goti lilikuwa limejikunja, mkono ukishuka kuutafuta unyayo na kuishia njiani. Tone alikaa ukingoni mwa kitanda akafunua blanketi. Miguu ilikuwa mitupu, myembamba, na unyayoni mwa kulia palikuwa na kovu dogo la mviringo. Aliishika yote miwili kwa mikono yake. Ilikuwa ya baridi. Shangazi aliitazama ile mikono juu ya miguu yake, akaitazama kama kitu kilicho mbali, kisha akaileta ile sura yake ya mlangoni, ya mtu anayetaka kupita.

"Tone, mwanangu," alisema, "hebu niambie wewe uliyeshika. Nimevaa au nimevua?"