Jike Mmoja Kwenye Pipa

Siku ya kwanza kazini sikupewa ndoo wala brashi. Mkuu wa kituo cha utafiti wa samaki, mzee mrefu ambaye sote tulimwitaga Bwana Mtafiti, alinipeleka nyuma ya ofisi, hapo Musoma karibu kabisa na ziwa, akanionyesha shimo la mchanga lililozungushiwa matofali. Akaniambia maji yote ya matangi ya samaki yamwagwe humo, hata yakiwa kikombe kimoja, na si kwenye mtaro. "Mtaro unaenda ziwani, mama. Samaki wa humu akifika ziwani, mimi na wewe hatuna wa kumrudisha."

Nilikuwa nimetoka Nyasho kwa miguu, mjane wa darasa la nne, nikidhani nimeajiriwa kuosha vioo. Lakini neno lile liliniingia. Kwetu ni Murangi, na utotoni tulikulaga furu, vile visamaki vya rangi rangi, kila mwambao na aina yake. Akaja sangara, furu wakaishia tumboni mwake. Niliowajua kuwa wamebaki ni wa bwawa moja dogo Butiama, nilikoolewa, chini ya nyumba ya wifi yangu Nyangeta. Huko sangara hakufika. Bwana Mtafiti mwenyewe alikwenda kuwaona, akavua kofia kama yuko kanisani.

Kazi yangu ilikuwa visamaki vya mbu. Wataalamu wanawaitaga gapi. Si wa kwetu, waliletwa kutoka mbali kwa sababu wanakula viluwiluwi vya mbu. Hawatagi kama sato, wanazaa. Dume ana pezi chini ya tumbo lililorefuka kama kijiti, ndilo analotumia kuingiza mbegu ndani ya jike, na watoto wanakua tumboni mpaka watoke wakiogelea. Nilifundishwa kusoma doa la jike, karibu na njia ya kuzalia. Likiwa jeusi na pana, siku zake zimekaribia, unamtenga. Maana akimaliza kuzaa anageuka, anawala watoto wake mwenyewe. Furu anabeba watoto mdomoni na kushinda njaa kwa ajili yao. Huyu anawazaa, anawameza.

Nje kulikuwa na mabwawa mawili ya saruji. Moja tulilifunika kwa wavu, la pili liko wazi, na mdiria, yule ndege wa mdomo mrefu, alijilia humo anavyotaka. Samaki walikuwa wa uzao mmoja. Vizazi vilipopita, madume wa chini ya wavu wakawa wanawaka madoa ya rangi ya chungwa kama makaa. Wale wa bwawa la wazi wakafifia, rangi ya tope.

Niliuliza nani amewabadilisha. "Hakuna aliyewaamuru," Bwana Mtafiti akasema. "Jike anapenda dume anayeng'aa, anazaa naye, watoto wanarithi rangi ya baba. Lakini mdiria naye anamwona anayeng'aa. Pale ndege anapokula, wanaobaki ni wale wasioonekana, na wao ndio wanazaa."

Halafu alinitengea jike mmoja peke yake kwenye tangi dogo. Akazaa. Nikangoja, akazaa tena, na dume wake alishakufa zamani, nilimtoa mwenyewe. Mzee akanieleza kwamba jike anaweka akiba ya mbegu ndani yake, anaitumia kidogo kidogo. Nikamwambia kwetu tunalijua hilo: mjane akizaa, mtoto anaitwa wa marehemu. Hakucheka. "Basi umenielewa. Usiogope dume, mama. Ogopa jike."

Tangu siku hiyo nilikuwaga nakagua soli za viatu vyangu kabla ya kutoka getini.

Baadaye nilihamishiwa Bunda, kwenye matangi ya kugawa samaki kwa wananchi, waweke kwenye mapipa yao ya maji ya mvua. Mkubwa wetu alikuwa Bibi Afisa, binti mkali, funguo zote kiunoni. Aligawa madume tu, ili wasizaliane. "Jike akitoka hapa," alituambia, "na wewe umetoka."

Nyangeta alikuja kunisalimia, nikamwacha akae kivulini kwenye matangi. Aliona kwamba majike ni wakubwa kuliko madume. Akapiga hesabu yake: mkubwa anakula mbu wengi. Akachota mmoja kwa chupa ya maji, akaificha ndani ya kanga, akapanda basi. Mimi sikujua lolote mpaka nilipokwenda Butiama kwenye msiba. Naenda kunawa, nachungulia pipa la wifi, maji yanatetemeka kwa watoto wa samaki.

Nikamwita Nyangeta aje aone. Akaniambia nisimletee ofisi nyumbani kwake. "Wewe wifi na visamaki vyako. Nilichukua jike mmoja, hana mume. Angezaa na nani, na upepo?"

"Kazaa na marehemu," nikamjibu.

Hapo akashika pipa upande mmoja. Tulilimwaga pipa juu ya mchanga mkavu, juani, tukawasubiri wakauke. Lakini mvua kubwa zilikuwa zimeshapita, na pipa lile likijaa hufurika, na maji yanateremka moja kwa moja bwawani. Nilimwambia Bibi Afisa kila kitu. Hakunifukuza. Alikuja na nyavu zake, akavuta siku nzima asipate hata mmoja, akaniambia hiyo si kusema hawamo.

Nilipostaafu nilirudi Butiama. Wenzangu wanapumzika, mimi kila asubuhi nashuka na chujio, natafuta ile rangi ya chungwa. Gapi wakijaa humo, watoto wa furu wakitoka tu mdomoni mwa mama yao watadonolewa wote, na hakuna bwawa lingine ninalolijua. Sikuwahi kuiona rangi ile hata mara moja. Nyangeta akawa ananitania njiani kutoka kanisani kwamba nimewatisha bure.

Juzi nilikuwa ukingoni, mdiria akapiga mbizi karibu yangu, akarudi kwenye mti wake na kitu mdomoni. Ndege yule nimemzoea, yuko hapo siku zote. Nikamtazama akimeza, nikakumbuka yale mabwawa mawili ya Musoma. Bwawa hili halina wavu.

Nikateka tena, safari hii bila kutafuta rangi. Kwenye chujio kulikuwa na furu mmoja, mdomo umemjaa watoto. Ubavuni kwake palikuwa na kisamaki cha rangi ya tope, hakina cha kutazama. Nilikigeuza kwa kidole.

Doa lake lilikuwa jeusi, na pana.