Baba Alipokataa Msaada wa Mjomba

Mwaka nilioomba kazi ya kufundisha hesabu chuo kikuu, baba alikuwa amesharudi Kamanga kulima mihogo. Kiwanda cha nguo alichokitumikia tangu ujana wake kilipopunguza wafanyakazi, naye alikuwemo. Mimi nilibaki ng'ambo ya ziwa, Mwanza mjini, nikifundisha sekondari, na Jumamosi nilivuka kwa feri kwenda kuwaona yeye na mama.

Usaili nilikuwa nimeshaufanya Dar es Salaam, mwanamke peke yangu kwenye benchi la kusubiria. Walinitaka nifundishe somo moja mbele yao, wakaniuliza maswali, wakasema watanijulisha. Niliwaachia namba ya simu ya ofisi ya mkuu wetu wa shule, maana nyingine sikuwa nayo. Kisha kimya. Mvua za vuli zilianza, zikakatika. Kila simu ilipolia ofisini nami niko darasani ng'ambo ya uwanja, chaki ilisimama yenyewe ubaoni.

Mama naye alikuwa ameshawatangazia wanakwaya wenzake kanisani. Kila nilipokwenda waliniuliza, "Unaondoka lini?" Nikawa natabasamu tu.

Biashara huria ilikuwa imemnyookea mjomba, kaka yake mama. Alinunua sangara kwa wavuvi akawauzia wenye viwanda vya minofu, akapata pikapu, na watu wa kujuana nao hadi Dar. Jumamosi moja alikuja nyumbani, akala, akanawa mikono, akamwambia baba:

"Shemeji, huyu binti anasubiri bure. Siku hizi bila mtu hupati kitu. Kuna bwana mmoja kule chuoni namfahamu. Niruhusu niseme naye."

Mama alinitazama. Mimi nilitazama chini, nikiomba moyoni baba akubali.

"Nakushukuru, shemeji," baba alisema. "Lakini usiseme naye."

"Kwa nini?"

"Akipata, nataka ajue amepata mwenyewe. Akikosa, ajue hivyo hivyo."

"Hata wewe ulikuwa na msimamo huo kiwandani, na wakakupunguza."

"Walinipunguza, ndiyo. Hakuna aliyesema nilifuma vibaya."

Mjomba alitikisa kichwa, akaaga. Pikapu ilipopotea, baba alinigeukia. "Lile somo ulilowafundisha Dar, nifundishe na mimi."

Nilidhani ananitania. Baba aliishia darasa la nne. Lakini alileta kiti, akakaa mbele ya mlango wa stoo, akanipa kipande cha mkaa. Nikaandika mlangoni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, nikaanza kumweleza kwa nini hazina mwisho. Kule nilikuwa nimefundisha kwa Kiingereza. Hapa ilinibidi nitafute njia upya, hatua kwa hatua.

"Hapo sijaelewa," alisema. "Rudia."

Nikarudia. Akaniambia tena nirudie, na tena, bila haya hata kidogo. Mwishowe aliinuka, akausogelea mlango.

"Kwa hiyo mtu akidai amezimaliza zote, unazizidisha zote, unaongeza moja, unapata namba isiyogawanyika kwa hata moja kati ya hizo zake, na hapo umemuumbua."

"Ndiyo, baba."

"Basi kazi yako uliifanya. Iliyobaki ni yao."

Jioni ile nilivuka kurudi mjini nikiwa mtu mwingine. Jibu lilikuwa halijaja, lakini nilijua kwamba naweza kufundisha, na hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Simu ilikuja siku ya kazi. Mkuu wa shule, mama mtu mzima asiyetoka ofisini ovyo, alikuja mwenyewe mlangoni pa darasa. "Mwalimu, Dar wanakuhitaji kwenye simu." Sauti ya mkuu wa idara ilikuwa mbali, inakatikakatika, lakini niliisikia ikisema wamenichagua. Nilirudi darasani nikamalizia kipindi changu, kisha nikaomba ruhusa nikawahi feri.

Baba nilimkuta shambani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona leo si Jumamosi?"

"Wamenichukua."

Aliweka jembe chini, akajifuta viganja kwenye suruali, akanipa mkono. Hakuwahi kunipa mkono namna ile, wa mtu mzima kwa mtu mzima. Mama aliposikia alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Baba alioga, akavaa koti, akasema twende kwa mjomba, asije akasikia kwa watu. Mjomba alipopewa habari alicheka. "Shemeji, umenishinda."

"Si mimi," baba alisema. "Ni yeye."

Siku ya safari, mjomba ndiye aliyenipeleka stesheni ya treni. Baba alikaa mbele, mgongo umenyooka, mama na mimi nyuma pamoja na mizigo. Kila alipomwona mtu anayemfahamu, mjomba alipunguza mwendo na kutoa kichwa dirishani.

"Nampeleka mpwa wangu chuo kikuu," aliwaambia. "Anakwenda kufundisha, si kusoma."