Mchunga Mbuzi wa Ukutani

Juzi binti yangu alikoroga gundi ya unga wa ngano kwa kazi ya shule, na harufu ile ikanirudisha kijiji cha Kwanza, kwa kukhu, nyanya yangu. Kwa gundi kama hiyo alikuwa amebandika ukutani picha ya kalenda aliyopewa na Kalasinga, Mhindi mwenye kilemba aliyemuuzia jembe Kitale. Mwaka ulipoisha alikata tarehe akabaki na picha.

Ilikuwa ya kizamani: miti mikubwa, mto, milima ya buluu kwa mbali. Watu walichorwa wadogo kama siafu, pembeni kabisa. Mwanamume alitangulia, nyuma yake mwanamke juu ya punda. Mimi nilisema wanapeleka mahindi sokoni Moi's Bridge.

"Mahindi yako wapi?" kukhu akauliza. "Mama amebeba mtoto tu, na baba anaangalia nyuma. Hao wanakimbia. Ni Yosefu na Maria, Herode anatafuta mtoto."

Basi nikamwona mchunga mbuzi kando ya njia, amewapa mgongo. Nilimchukia! Hata salamu? Siku moja nilichukua makaa nimfute, kukhu akaninyang'anya.

"Wacha huyo. Amewaona."

"Amewaona aje na hajageuka?"

"Si nimekwambia amewaona?" Akarudia mboga zake.

Vita vya mashamba vilipotufikia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tuliondoka mchana peupe, mimi, mama na kukhu, tukakata kando ya shamba la akina Chebet, rafiki yangu. Mama yake alikuwa akipalilia maharagwe. Alituona tukija, nina hakika, maana jembe lilisimama. Kisha akageuka, akatupa mgongo, akainama tena. Nilimwita. Kukhu akaniziba mdomo na kunivuta.

Huko Myanga kwa wajomba nilikaa na kinyongo miaka na miaka. Mama yule alikuwa amenilisha kwa mkono wake, jamani!

Nilikuwa nimeshaolewa nilipokutana na Chebet sokoni Kitale. Nilimsalimia shingo upande. Yeye, bila kujua nina nini rohoni, akanisimulia kwamba siku ile vijana wa kabila lao wenye mishale walifika tukiwa hata hatujavuka mto, wakamuuliza mama yake tumepitia wapi. Na yule mama alikuwa mlokole, uongo hata wa bei ya kuku ulimshinda. Aliwajibu, "Mimi niko na kazi hapa, njia nimeipa mgongo. Sijaona mtu akipita." Wakaenda kututafuta upande mwingine.

Nilikaa chini palepale, juu ya gunia la viazi la mtu. Kumbe ndiyo maana kukhu aliniziba mdomo. Alichokiona kwenye ile picha mimi nilikuwa bado kukiona, na huenda mtu aliwahi kumgeuzia mgongo hivyo zamani, sikuwahi kumuuliza.

Nikamwomba Chebet anipeleke kwao nikamsalimie mama. Akasema walimzika mwaka uliopita, wakati wa kupalilia.