Mkono Usiosikia Moto

Nakumbuka harufu kwanza, mwanangu, ndipo naikumbuka siku yenyewe. Jana uliwachekesha wenzako kwa kujichoma pini begani, pale penye baka lililopauka, ukijigamba kwamba husikii kitu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na wageni. Leo sinyamazi, na usinikatize.

Nilikuwa binti mdogo kwetu Heru Juu, na dada yangu Skola alikuwa karibu kuolewa. Siku hizo, jikoni kwetu, msichana aliyeipua chungu kwa kitambaa au kwa majani ya mgomba alitaniwa mpaka akome. "Huyu amelelewa ofisini," mama zetu walisema. Basi kila mmoja wetu alijikaza, akaipua kwa mikono mitupu, kisha akajificha nyuma ya nyumba kupuliza vidole. Skola peke yake hakupuliza. Mwaka ule alianza kubeba chungu cha maharage kama anayebeba mtoto, na mama akamsifu kwa majirani wote kwamba ana mikono ya kazi. Mimi nilimwonea wivu sana.

Wakwe zake watarajiwa wakaja kutoka Kitanga kumwona. Mama, Mungu amrehemu, kwa majivuno yake aliacha mlango wa jikoni wazi makusudi. Skola akaipua chungu, akasimama nacho mikononi, akaanza kujibu salamu za mama mkwe taratibu kabisa: wazee wazima, watoto wazima, mvua imenyesha. Ikaja harufu. Skola akanusa, akanigeukia.

"We, nani anachoma nyama?"

Nikatazama mikono yake. Ngozi ilikuwa imegandia kwenye chungu.

"Mana yanje!" mama mkwe akapiga kelele. "Mungu wangu, mwana, weka chini! Unaungua!"

Skola akakiweka chini polepole, asije akamwaga maharage. Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, kisha akacheka. Nimezika watu wengi, mwanangu, lakini hakuna kilichonitia hofu kama kicheko kile. Hakuwa na maumivu hata kidogo.

Hospitalini, mjini Kasulu, daktari mmoja mpole kutoka Singida alimwambia afumbe macho, akamgusa kwa pamba. Hapa anasikia, hapa hasikii. Akapandisha mkono wa gauni, na karibu na kiwiko tukaona baka lililopauka ambalo Skola alilificha akidhani ni mba. Halikuwasha wala halikuuma, nani angelihangaikia? Daktari akasema ni ukoma. Mama akakaa sakafuni.

Daktari akatueleza, na maneno yake sijayasahau. Ndani ya mkono mna mishipa ya fahamu, na ndani ya mishipa hiyo mna nyuzi za seli nyembamba mno, nyingine zinaanzia karibu na uti wa mgongo hadi ncha ya kidole. Nyingi zimevikwa maganda juu ya maganda, kama shina la mgomba, ili habari ipite upesi. Kidole kikigusa moto, habari hukimbia hadi uti wa mgongo, na amri ya kuondoa mkono hurudi hata kabla ubongo haujajua kuna nini. Vidudu vya ukoma hujipenyeza kwenye maganda yale, vikakaa kimya, mshipa ukavimba, habari ikakatika.

"Mama," daktari akamwambia mama yetu, "mlikuwa mnampigia makofi mgonjwa."

Mama mkwe, aliyekuja nasi, aliuliza neno moja tu: "Anapona?"

Daktari akasema vidudu vitakufa kwa dawa, wala hataambukiza mtu. Lakini mshipa uliokwisha kuharibika haurudi kirahisi. Angeletwa baka lilipoanza, pengine mikono ingebaki mizima.

Wakamwoa, Mungu awalipe. Skola alipona ukoma, ila vidole vyake viwili vilibaki vimejikunja na ganzi haikutoka. Hadi leo, katika uzee wao, mumewe hushika kikombe cha chai yeye kwanza, akasubiri, kisha akamwambia, "Kunywa." Nikiwatembelea huwa natazama pembeni, maana machozi hunitoka.

Basi sikiliza. Usimsifu mtu kwa kutosikia maumivu, na wewe usijisifu. Baka lisilowasha, mahali penye ganzi, kidole kinacholegea bila sababu, vyote hivyo vipeleke hospitali mapema, wala usione aibu kwa sababu ya jina la ugonjwa. Dawa ipo na hutozwi kitu. Kinachoponza watu ni kungoja paume.

Hilo la begani huenda ni mba tu, na likiwa mba unicheke njia nzima ya kurudi. Vaa viatu, bodaboda nimeshamwita. Mungu akutangulie, mwanangu, na akuachie mikono inayouma ikigusa moto.