Kandambili za Bafuni

Jumamosi nilikuwa dukani Ipinda kununua balbu. Mama mmoja, mtumishi wa serikali aliyehamia huku, akaomba kandambili za mtoto, ziwe za mpira.

"Za kuogea," akaeleza. "Hita ya maji inatupiga shoti hata taima, ile swichi ya saa, ikishaizima. Fundi alisema tuvae kandambili."

Muuzaji, ambaye hufunga umeme pia, akazirudisha kandambili rafuni. "Mama, huyo fundi amefunga taima kwenye waya usio na moto. Ikizima, wa moto haukatwi; hita inabaki na umeme. Rudi ukazime mein swichi, asioge mtu."

Mama akacheka kidogo, mkono mdomoni. "Mbona sisi tumeshazoea? Ni huyu mdogo tu anayelia."

Balbu niliisahau palepale kaunta. Katika nyumba nzima, aliyeuelewa umeme ni huyo anayelia.