Doa kwenye Ini la Bhagwanti

Bhagwanti alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu wote wa nyumba yake pale Nakuru. Funguo za stoo ya chakula alizifunga kiunoni, kwenye pindo la sari, na hazikumtoka hata akienda hekaluni. Ritu, mke wa mwanawe Pranav, alikuwa ameolewa humo miaka kumi na mmoja, na kila asubuhi alisimama mlangoni mwa stoo na bakuli mkononi akingoja kupimiwa sukari. Sharti aseme asante. Asiposema, Bhagwanti anashikilia kijiko hewani mpaka aseme. Mtu mzima huyo, jameni, mama wa watoto wawili.

Lakini Bhagwanti naye alifanyiwa hivyo hivyo. Mama mkwe wake alimpa funguo akiwa kitandani, pumzi zimebaki za kuhesabu. Kwao funguo haziombwi. Mwenye nazo huzitoa akiona safari yake imefika, na akishatoa ametoa.

Desemba ya 2007 tumbo likamsumbua, wakampeleka kupigwa altrasaundi mjini. Aliyempima akasema ameona doa kwenye ini, kubwa kama limau, na kwa picha ile hawezi kujua ni la nini. Afadhali aende Nairobi kwenye MRI, mashine ya sumaku ipigayo picha za ndani ya mwili. Bhagwanti hayo ya Nairobi hakuyasikia. Alisikia doa, akasikia ini. Marehemu mumewe Ishwarlal aliondoka kwa ini. Jioni ile ile akawaita wote sebuleni, akafungua fundo la sari, akaziweka funguo kwenye kiganja cha Ritu. Ritu alilia, Pranav akalia. Bhagwanti mwenyewe hakulia. Alijiona mtu mkubwa sana jioni hiyo.

Kisha uchaguzi ukaja na mambo yakaharibika. Barabara ya Nairobi ikawa haipitiki, mji ukanuka moshi, na Bhagwanti akajilaza kitandani kungoja kufa. Ndugu za Wangare, mpishi wao wa siku nyingi, walichomewa nyumba kule Rongai wakakimbilia uwanja wa maonyesho. Ritu akafungua stoo. Akatoa unga, akatoa mchele na mafuta, na hakumuuliza mtu. Bhagwanti alisikia magunia yakiburutwa koridoni, akataka kuinuka agombe, lakini angegomba kama nani? Funguo si zake.

Mambo yalipotulia kidogo Pranav akampeleka Nairobi. Wakamwingiza kwenye ile mashine ya sumaku, inayogonga kama fundi wa mabati, wakampiga picha. Halafu wakamtia kwenye mshipa wa mkono dawa ya kung'arisha picha, wakampiga tena na tena dawa ikiingia kwenye ini. Baadaye daktari, mwanamke mpole aitwaye Chepngeno, akawaita mbele ya kompyuta.

"Uvimbe mbaya mara nyingi hunywa dawa haraka na kuitema haraka," alisema. "Huu wako, mama, umejaa polepole, kutoka kando kuja katikati, na dawa ikabaki humo. Ni mishipa ya damu tu iliyojikusanya. Pengine umeishi nayo miaka mingi. Hatuikati wala hatuitibu. Hilo tumbo ni asidi, punguza sukari na pilipili."

Pranav akauliza kama ana hakika. Akauliza tena. Bhagwanti akamtupia mwanawe jicho baya, ingawa pengine maskini aliuliza kwa furaha.

Nyumbani Ritu aliinama akamgusa miguu kwa heshima, akamkumbatia, akalia machozi ya kweli. Wakagawa vitamu kwa majirani. Bhagwanti akaketi kwenye kiti chake akangoja kurudishiwa funguo. Mwanzoni alidhani Ritu amesahau kwa ajili ya furaha. Wiki ikaisha. Wangare akawa anampita pale alipoketi, bakuli mkononi, anakwenda kwa Ritu, na anarudi akicheka. Alipokuwa akipimiwa na Bhagwanti hakuwahi kucheka.

Alimchukia Ritu, akamchukia Wangare, na zaidi akamchukia yule daktari na dawa yake. Nani alimtuma kuangaza mambo ya watu? Bhagwanti alikuwa amekufa vizuri, na watu walikuwa wamemlilia. Sasa amerudi, na nyumba imeshajipanga bila yeye, tena imejipanga vizuri. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Asubuhi moja alijipikia chai mwenyewe, akaenda stoo na kikombe. Mlango ulikuwa umefungwa. Alisimama hapo hapo pa Ritu mpaka akasikia funguo zikija.

"Ungeniita tu, Ba," Ritu alisema. Ba ndivyo wanavyomwita mama kwao. Akafungua, akachota sukari, kisha akasita. "Daktari si alisema upunguze?"

Kijiko kikabaki hewani. Huenda Ritu alikuwa anangoja tu kuambiwa ni kimoja au nusu.

"Asante," Bhagwanti alisema.