Lala Kwanza, Ndipo Nikushukuru

Fimbo inashuka, pamba inaruka. Mama Pamba amepiga magoti barazani mwa karakana yake, anachapa pamba iliyogandamana mpaka inavimba kama unga uliotiwa hamira. Nyuzi nyeupe zimemtapakaa kichwani. Mtu akimwona kwa mbali atadhani amezeeka asubuhi hii hii.

Anaweka fimbo chini, anachukua shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, na kuizamisha kwenye kitambaa kinene cha mistari.

“Hili ndilo la mwisho,” anasema bila kuinua macho. “Wageni wakija mchana wasikute kitanda kiko uchi.”

Wageni wenyewe ni majirani waliochangia vitanda kumi na vinne kwa ajili ya vijana wasio na makazi. Wiki tatu zilizopita, watu wa mtaa huu walijitolea kazi zao kwa siku nzima: msusi alisuka nywele, mume wa Mama Pamba akatengeneza baiskeli, wengine wakaosha magari. Kila kilicholipwa siku ile kilikwenda kwenye mbao na pamba. Ushonaji ulikuwa mchango wa Mama Pamba. Hakudai hata thumni.

Si kwamba anazo. Tangu magodoro ya sponji yajaze maduka, kazi yake imepungua mno. Zamani alishona manne kwa wiki. Siku hizi akipata mawili kwa mwezi humshukuru Mungu, na moja kati ya hayo huishia kwenye kodi ya karakana.

“Mke wangu anawalaza watu pazuri,” mumewe anatania huku akijaza upepo tairi. “Godoro letu sisi limechoka kuliko mimi. Mganga hajigangi!”

“Wewe hata kwenye kokoto ungelala,” Mama Pamba anamjibu. “Nakujua.”

Yote yalianza na binti mmoja. Msimu wa baridi uliopita, Mama Pamba alifika kazini akamkuta amelala juu ya magunia ya pamba, amejikunja kama paka. Alikuwa na miaka kumi na saba. Kwa sababu ya alama ndogo shavuni, mtaa ukambandika jina la Kidoti.

“Sikumwamsha,” anasimulia. “Nilifanya kazi nyingine kwanza, ya kushona kimya kimya. Alipoamka, akaniambia, ‘Samahani mama, sijalala hivi tangu nitoke nyumbani.’ Mwanangu, neno hilo lilinichoma. Gunia! Gunia ndiyo raha yake?”

Leo Kidoti na wenzake wanalala kwenye ghala la muuza saruji, mzee mwenye duka kubwa barabarani. Aliwaazima kwa moyo mweupe, ila kwa muda tu. Mwisho wa mwezi huu analitaka ghala lake, na vijana kumi na wanne hawana pa kwenda.

Ndiyo maana msusi, aliyeongoza wajitolea, amefika karakanani na mpango wake.

“Mama, mzee atakuja leo. Tumwombe pale pale. Mbele za watu hawezi kukataa.”

“Ndiyo sababu sitamwomba leo,” Mama Pamba anajibu. “Umwite mtu umshukuru, kisha umkabe shingo? Hiyo si asante, dada. Huo ni mtego wenye nyama.”

“Na muda ukiisha?”

“Nitamfuata dukani kwake, nipange foleni kama waombaji wengine. Leo anakuja kupokea.”

Hotuba amezikataa pia, na vyeti. Sharti lake ni moja: kila aliyechangia avue viatu, alale kwenye kitanda kimoja, aseme kama mwanawe angeweza kukilalia. Baada ya hapo ndipo ashukuriwe.

Mchana, ghala linajaa vicheko. Muuza mboga anajinyoosha na kutangaza kwamba harudi sokoni. Fundi seremala anajigeuza huku na huku, akisikiliza kama mbao zake zinalia.

Muuza saruji anasita mlangoni. “Mimi na tumbo hili? Nitawavunjia!”

“Mzee, lala tu,” anasema Kidoti, akipigapiga godoro lake. “Likikubeba wewe, mimi nitakuwa unyoya.”

Watu wanaangua kicheko. Mzee anavua viatu, analala chali, anavuta pumzi. Anauliza kama pamba imechambuliwa kwa mkono. Kabla hajajibiwa, anakoroma.

Hakuna anayethubutu kumwamsha. Shukrani zote za siku hiyo zinatolewa kwa kunong’ona, watu wakishikana mikono na kuuma midomo wasicheke.

Anapofumbua macho, wageni wengi wameondoka. Anabaki chali, akitazama juu.

“Bati lile lina tundu,” anasema. “Mvua zikianza, si zitamlowesha huyu binti?”

Msusi anafungua mdomo. Mama Pamba anamkanyaga mguu.

“Usijali, mzee. Mwisho wa mwezi tutakuwa tumehama. Ghala utalikuta limefagiwa.”

“Mtahamia wapi?” mzee anauliza, akiinuka kitandani.

Kidoti anaanza kunyoosha shuka pale mzee alipokuwa amelala. Mzee anavaa kiatu kimoja, anakaa na kingine mkononi.

“Saruji nitaifunika turubai,” anasema hatimaye. “Mtoto humfuniki turubai. Kaeni mpaka mvua ziishe, kisha tutazungumza, mimi na wewe. Na huyo aliyeniacha nikorome mbele za watu, tutaonana!”

Msusi anaruka kwa furaha. Mama Pamba anafunika uso kwa viganja, na mabega yake yanatikisika.

Jioni, macho yakiwa bado mekundu, anaeleza anachokitaka. Msimu mmoja unamtosha kuwafundisha Kidoti na wenzake watatu kushika shazia. Amekwisha kuzungumza na nyumba ya wageni inayotaka magodoro ya pamba. Kazi hiyo ikipatikana, vijana wataanza kulipa kodi ya nyumba yao wenyewe.

“Wamechoka kusema asante, hawa,” anasema. “Kila siku asante, asante. Nataka nao waipokee. Siku moja Kidoti atoe kitu chake, halafu sisi ndio tumwite, tumshukuru.”